Fundo la Mkono wa Kushoto

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa mchangani, miguu nimeinyoosha, kidole gumba cha mguu kimeshika wavu ili ukazane. Ndivyo nyavu zinavyozibwa. Mguu unavuta, mkono mmoja unashika kijiti cha kupimia macho ya wavu, mwingine unapitisha sindano ya mti yenye uzi wa nailoni. Kambini kwetu, kambi ya wavuvi, wote walishika sindano kwa mkono wa kulia. Mimi nilishika kwa kushoto, kwa hiyo mafundo yangu yalilala upande mwingine, kama nyasi zilizopigwa na upepo wa kwao peke yao. Aliyejua nyavu alikuwa akitupa jicho mara moja tu na kusema kiraka hiki ni cha Petua.

Kaka yangu Masatu alipita na kasia begani. "Mashoto," akasema, "ukimaliza huo uje unizibie suruali. Au basi, acha. Ukiniziba wewe nitatembea kinyumenyume."

Watu wakacheka. Mimi niliinamia wavu. Tangu utoto sina jibu la haraka. Jibu langu hufika watu wakiwa wameshaondoka.

Shuleni mwalimu wa darasa la kwanza aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kamba ya katani kwenye mguu wa dawati, mpaka nikajua kuandika kwa kulia. Nilimaliza la saba, lakini mkono wa kulia haukupata kasi mpaka leo. Anayesoma haya ajue kwamba kila mstari umechukua muda wake.

Kisiwa chetu kiko upande wa Ukerewe. Ni mwamba na mchanga na miti michache, na katika ramani ya shuleni hakipo. Mama alikufa tukiwa wadogo, baba akaoa kwingine, na Shangazi Nyangeta, dada yake baba, akatuchukua mimi na Masatu. Shangazi alikuwa mpishi wa kambi, na ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya nyavu. Mwenye nyavu alikaa Mwanza mjini. Sisi tulimwita tajiri tu. Miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vinafunguliwa mjini kimoja baada ya kingine, na magari ya barafu yalikuwa yanasubiri sangara mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, tangu alfajiri. Mtu mwenye nyavu alikuwa mtu. Asiye nazo alikuwa mikono ya mwenzake.

Kuna jambo lazima niliseme hapa mapema, kwa sababu yote yaliyofuata yamefungwa nalo. Mwaka mmoja kabla ya vita niliugua homa ya matumbo. Hospitali ilikuwa haitibu tena bure kama zamani. Shangazi alitoa nyavu mbili stoo, zilizochakaa kidogo. Tulizibia mle ndani, mlango umefungwa, mimi natetemeka kwa homa. Nailoni ikatuishia, tukachomoa uzi mwekundu kwenye gunia la vitunguu nikamalizia viraka viwili kwa huo, kimoja kila wavu. Shangazi akampa nyavu zile mchuuzi wa mtumbwi aende akaziuze ng'ambo. Tajiri aliambiwa kwamba magugumaji yamezibeba. Hakushangaa. Mwaka ule magugumaji yalikuwa yanatembea ziwani kama shamba lililong'oka, na nyavu nyingi za watu zilikwenda nayo kweli.

Nilipona. Sikuwaza tena habari za nyavu zile.

Vita tulianza kuvisikia kabla ya kuviona. Serikali haikuviita vita, ilisema ni ujambazi wa ziwani. Lakini mtu akija na bunduki leo, na wiki ijayo, na nyingine, na wewe ukazika watu na kuweka zamu, sijui jina jingine. Wavuvi wa visiwa vingine walipita wakisimulia boti ndefu zenye injini kubwa na watu wenye bunduki za kijeshi. Wengine walisema ni silaha zilizovuka kutoka nchi za jirani kulikokuwa kunapiganwa. Mimi sijui zilikotoka. Najua walikuja saa ambayo wavuvi wanavuta nyavu, kwa sababu saa ile mikono yote iko majini.

Kwetu walifika asubuhi ile ile Masatu aliponitania, saa mbili. Jua lilikuwa limeshapanda na ziwa lilikuwa limetulia.

Niliisikia injini kabla sijainua uso. Haikuwa injini ya kwetu.

Mtumbwi wa Masatu ulikuwa karibu, naweza kusema umbali wa kurusha jiwe mara tatu. Walikuwa watatu ndani yake. Boti ile ilizunguka mara moja ikasimama ubavuni mwao.

"Mikono juu!"

Wawili waliinua.

Mvutaji wa mbele huzungusha kamba ya wavu mara moja kwenye kifundo cha mkono, ili mzigo usimponyoke. Masatu alikuwa mvutaji wa mbele. Wavu ulikuwa na samaki. Aliinua mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umebanwa na kamba, na akainama kuufungua.

Walidhani anachukua kitu.

Mlio ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea.

Walichukua injini, wakakata wavu, wakaondoka bila haraka. Wenzake waliporudi naye pwani kamba ilikuwa bado mkononi mwake. Shangazi ndiye aliyeikata, kwa kisu cha kupasulia samaki. Tulimzika nyuma ya mwamba kabla ya saa sita, kwa sababu ya joto.

Baada ya hapo kambi ikawa nyumba ya watu wakali. Mwenyekiti wetu, Mzee Magesa, alipanga zamu. Palikuwa na magobore mawili, mikuki ya kuchomea samaki na mapanga. Wanawake na wasichana tulipewa kazi ya kukusanya mawe na kuyapanga mafungu pwani, kila fungu karibu na mahali mtu atakaposimama. Nilijifunza kazi ile nikaijua: jiwe lenye ukubwa wa ngumi ya mwanamume, lisilo na mchanga, lisiloteleza. Nilipanga mafungu kumi na manne. Mzee Magesa alinisifu mbele ya watu, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisifu kwa kitu kingine zaidi ya nyavu.

Muuza viazi tuliyemzoea aliteremka bila kupiga filimbi tuliyokubaliana, akapigwa mpaka akavunjika mkono. Hakuna aliyemwomba radhi. Mama mmoja alisema, "Si ameambiwa apige filimbi? Masikio ya nini?" Mimi nilikuwa nimesimama karibu, na nilikubaliana naye. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kaburi la kaka yangu nililiona kila nilipokwenda kuchota maji.

Kisha Mzee Magesa akatoa amri. Kila mtumbwi mgeni utakaopita karibu na kisiwa uvutwe pwani, nyavu zake zitandazwe mchangani, na waziba nyavu wa kambi waitwe kuzitazama. Maharamia walikuwa wanaiba nyavu na kuziuza au kuzitumia. Rangi ya maboya hufutika, na mwizi hukata maboya akafunga mengine. Lakini kiraka hakifutiki. Kila mziba nyavu ana mkono wake, na mkono ulikuwa ndio cheti chetu. Hakuna aliyeuliza itakuwaje ikiwa wavu umeuzwa kihalali mara mbili au tatu tangu uzibwe. Sisi tulijua mkono wa aliyeziba. Tukaufanya kuwa mkono wa mwenye mali.

Mitumbwi mitatu ilivutwa na kuachiwa. Wa nne ulikuwa wa Masanja.

Ilikuwa alasiri. Alikuwa peke yake, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa fulana iliyotoboka bega, na alikuwa anapiga kasia. Hakuwa na injini. Mama mmoja alisema, "Sasa haramia gani huyu wa kupiga kasia?" Akajibiwa kwamba wenzake wamejificha nyuma ya matete.

Mzee Magesa alimkalisha mchangani.

"Unatoka wapi?"

"Shikamoo, mzee. Natoka Igombe. Lakini kwetu ni Bujora, kule Kisesa."

Mzee Magesa hakuitikia marahaba. "Msukuma wa Bujora anatafuta nini ziwani? Ng'ombe wako wameogelea?"

Watu wakacheka.

"Pamba imenishinda, mzee. Wanunuzi siku hizi kila mmoja na bei yake. Nimeuza maksai wawili nikanunua nyavu, nijaribu na mimi."

"Umenunua kwa nani?"

"Kwa mchuuzi mmoja wa mtumbwi, mwaloni pale pale."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza jina."

"Hukumuuliza jina."

"Mimi si halamia, mzee. Walahi."

Kijana mmoja aliyekuwa kwenye mtumbwi wa Masatu siku ile alipiga kofi pajani. "Eti halamia! Hata jina lake mwenyewe linamshinda kutamka."

Walicheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kingine. Watu walisogea.

Wavu ulitandazwa. "Petua," Mzee Magesa akaita, "njoo hapa."

Nilipiga magoti. Sikuhitaji kuangalia sana, na hata wao hawakunihitaji mimi. Mafundo yalikuwa yamelala kushoto. Nilisikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi. Nikaendelea kuuvuta wavu mbele yangu, pima kwa pima, kama ninavyofanya kazini, mpaka nikafika kwenye kiraka chekundu.

Uzi wa gunia la vitunguu.

Niliinua uso. Shangazi alikuwa amesimama karibu na mafiga, mwiko mkononi. Hakunikonyeza, wala hakutikisa kichwa. Alinitazama vile vile alivyonitazama hospitali, aliponiwekea kiganja kwenye paji la uso asijue kama nitapona.

Nikisema wavu huu tuliuuza sisi, kambi nzima itajua kwamba Nyangeta mwenye ufunguo ameiba nyavu za tajiri. Wakati ule, mchangani pale, sijui wangemfanya nini. Nilijua wangemfanya kitu.

"Ni mkono wako, au si mkono wako?" Mzee Magesa akauliza.

"Ni mkono wangu."

Nilikuwa na neno jingine. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, neno "lakini". Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba sikupata nafasi, kwamba mimi ni mzito wa kusema na watu walikuwa na haraka. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Nafasi ilikuwepo. Masanja ndiye aliyenipa.

Hakumtazama Mzee Magesa. Alinitazama mimi. "Binti," akasema taratibu, "malizia. Hujamaliza."

Aliona. Katika watu wote wale, yeye peke yake aliona kwamba nina neno mdomoni.

Nilifunga mdomo. Nilimwogopea Shangazi, ndiyo. Lakini pia nilitaka mtu afe kwa ajili ya Masatu, na huyu alikuwa ameshakaa mchangani.

Jiwe la kwanza lilitupwa na yule kijana.

Yalikuwa mawe yangu. Yenye ukubwa wa ngumi, yasiyo na mchanga.

Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu kufa kwake, ila kwamba hakuchukua muda mfupi, na kwamba hakuniita tena.

Boti ya polisi ilifika siku ya tatu. Waliuliza nani amefanya. Mzee Magesa akasema wananchi wenye hasira. Wakaandika hivyo, wakauchukua mwili. Hakuna aliyenihoji. Wavu ulirudishwa stoo, na jioni ile Shangazi aliutia motoni chini ya sufuria ya ugali. Ulitoa moshi mweusi, watu wakakohoa, wakamuuliza anachoma nini. Akasema ni matambara.

Maharamia wenyewe walirudi baada ya majuma mawili, saa tisa mchana, boti mbili. Mawe hayakusaidia kitu. Mimi na Shangazi tulikaa kwenye matete, maji yakiwa shingoni, tangu mchana mpaka jua likazama. Tuliona vibanda vinaungua kimoja kimoja. Mzee Magesa alifia mlangoni pa stoo. Watu wanne wengine walikufa. Walionusurika walivuka kwa mitumbwi iliyobaki. Baadaye nilisikia serikali imepeleka boti ya doria visiwani na mambo yametulia. Wakati huo tulikuwa tumeshafika Mwanza, tumelala barazani kwa watu.

Mjini nilianza kujifunza upya, maana kuziba nyavu hakukunifaa kitu tena. Kila niliposhika wavu vidole vilikataa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kiwanda cha minofu. Tulisimama kwenye meza ndefu ya bati, viatu vya mpira, maji ya barafu yakipita chini. Kisu kilinitaka mkono wa kulia, kwa sababu nikitumia kushoto kiwiko changu kiligonga cha jirani. Msimamizi alikuwa akipita nyuma yangu akisema, "Wewe wa kushoto, ukimkata mwenzio utalipa kidole." Niliwekwa mwisho wa meza, mlangoni, kwenye baridi. Pale nilijifunza kupasua sangara kwa mikato minne. Nilijifunza pia kufanya kazi mwaka mzima karibu na watu bila kujua majina yao. Samaki wetu walipokataliwa huko wanakopelekwa, kiwanda kikapunguza watu, na sisi wa mwisho wa meza tukawa wa kwanza kutoka.

Kisha nikapika uji Nyegezi kwa mafundi waashi waliokuwa wanajenga huko. Mafundi wale hawakuwa na huruma. Uji ukiwa mwepesi walisema umechotwa ziwani, ukiwa mzito walisema nimeuchanganya na saruji. Mmoja aliniita Bubu, na wengine wakafuata. Lakini ndipo nilipojifunza kujibu. Siku moja nilimwambia, "Bubu ndiye anayekulisha, shika adabu yako," wenzake wakamcheka mpaka akaondoka. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na lilikuwa jibu langu la kwanza kufika kwa wakati. Sikufurahi. Nilifikiri, kumbe linaweza kufika.

Sasa nashona nguo Mkolani, kwa fundi mzee anayeitwa Yohana. Alinikubali baada ya kuniona nikishona kifungo barazani kwake. Cherehani haijali sana mkono. Fundi Yohana alinifundisha kufumua kabla ya kunifundisha kushona. Alisema asiyejua kufumua atashonea kosa juu ya kosa. Alikuwa anazungumzia kola za mashati.

Ilikuwa hapo Mkolani, majuma sita yaliyopita, mama mmoja wa Kisesa alipoleta vitambaa vya sare za shule. Wakati napima, alikuwa anazungumza na Fundi Yohana habari za wizi, na majambazi, na watu waliojificha ndani ya watu. Akasema, "Hata kwetu Bujora alikuwepo mmoja, Masanja. Mkulima kama sisi, kumbe haramia wa ziwani. Waliuawa huko, yeye na wenzake. Watoto wake mapacha mpaka leo hawachezi na wenzao. Nani atataka?"

Nilikata kitambaa vibaya. Nilikilipa mwenyewe.

Jioni nilimwambia Shangazi kwamba nitakwenda Bujora. Tunakaa naye chumba kimoja. Macho yake yana ukungu, na hawezi kupika tena bila kuniuliza chumvi iko wapi.

"Nyavu zile zilikutibu wewe," akasema.

"Najua, Shangazi."

"Ukienda kusema, utakuwa umeniua na mimi."

Jibu langu lilifika asubuhi, nikiwa nimeshavaa viatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiwa amegeukia ukuta, nikaondoka.

Nyumba ya Masanja si ngumu kuipata. Unauliza nyumba ya haramia, unaonyeshwa. Mama Kulwa, mke wake, alikuwa uani anapukuchua mahindi. Na pembeni yake, kuzunguka kitalu cha mchicha ili kuku wasiingie, palikuwa na wavu wa sangara umefungwa kwenye vijiti. Jua lilikuwa limeupiga mpaka umekuwa mweupe. Mafundo yalikuwa yamelala kushoto. Katikati palikuwa na kiraka chekundu kilichofifia, uzi wa gunia la vitunguu.

Alinunua mbili. Mmoja alikwenda nao ziwani, mwingine aliuacha nyumbani.

Nilimwamkia. Nilisimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa, nikamweleza yote bila kuruka, pamoja na mawe. Ilichukua muda mrefu. Mara mbili nilikwama, na hakunisaidia. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipofika kwenye maneno ya mwisho ya mumewe. Hapo mikono ilisimama.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Binti, malizia. Hujamaliza.'"

Aliinuka akaingia ndani. Nilimsikia anatembea huku na huku, kisha sikusikia kitu. Kuku mmoja alitia kichwa kwenye tundu la wavu. Lilikuwa tundu kubwa, la kutosha kuziba kwa nusu saa. Bila kufikiri nilichuchumaa nikashika kingo zake, kupima macho.

"Usiuguse."

Alikuwa mlangoni na daftari la shule. Nikaachia.

Alinitupia daftari miguuni. "Andika. Yote uliyoyasema. Na jina lako, na la shangazi yako, na hilo gunia la vitunguu. Mtoto wangu Kulwa yuko la tano, atanisomea. Kisha nitalipeleka kwa mtendaji alisome mbele ya watu, hapa hapa kijijini."

"Mama, mimi naandika polepole sana. Naomba nikaandikie nyumbani."

"Polepole." Alinitazama kuanzia miguu mpaka uso. "Siku ile mlikuwa na haraka."

Hakulia mbele yangu. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikumwomba. Nilipofika njiani nilimsikia anamfukuza yule kuku kwenye mchicha.

Nimeandika kwa majuma matano, baada ya kazi, kabla giza halijaingia. Shangazi hukaa mkekani karibu na mlango. Hajui kusoma, lakini anaisikia kalamu. Juzi aliuliza, "Umefika wapi?"

"Nimefika kwako, Shangazi."

Akageuza uso upande wa kalamu. Kisha akasema, "Andika kwamba ulikuwa unaumwa sana."

Nimeandika. Ni kweli, nilikuwa naumwa sana.

Waliomuua kaka yangu siwajui, wala sitawajua. Waliomuua Masanja nawajua. Baadhi walikufa kambini na wengine nawaona mwaloni wakishusha samaki, wananiamkia kwa heshima kwa sababu ya Masatu. Majina yao nimeyaweka kwenye ukurasa wa peke yake kwa ajili ya mtendaji. La kwanza ni langu, la pili ni la yule kijana. Sijui daftari hili litatufanya nini mimi na Shangazi. Fundi Yohana nimeshamwambia kwamba huenda siku moja nisifike kazini. Wapo watakaosema vita ni vita, kila upande ulizika. Sisi tulimzika Masatu na jina lake. Masanja alizikwa na jina la watu wengine, na watoto wake wamelivaa tangu hawajui kusoma.

Kulwa, wewe ndiye utakayesoma hapa kwa sauti. Soma taratibu, usiruke.

Wavu aliokutwa nao baba yako ulizibwa kwa mkono wangu, lakini ulikuwa wake. Uliuzwa na shangazi yangu kwa siri, naye baba yako akaununua kwa maksai wake. Nililijua hilo nikiwa nimepiga magoti mbele yake, akiwa hai.

Nimemaliza.